Flashi ya kamera ndogo: juani naiwasha, ukumbini naizima

Kitufe chenye alama ya radi nyuma ya kamera ndogo ya dijitali ndicho ambacho wenye kamera hawakigusi. Nimeshika kamera za ndugu na marafiki wengi, na karibu zote flashi imeachwa kwenye otomatiki tangu siku kamera ilipotolewa kwenye boksi. Kamera inajiamulia yenyewe: ikiona giza inawasha, ikiona mwanga inazima. Mimi, baada ya miaka kadhaa ya kutembea na kamera ya mfukoni, nimeishia kufanya kinyume chake. Jua la saa sita likiwaka, naiwasha kwa lazima. Usiku, kwenye ukumbi mkubwa, naizima.

Kilichonifikisha huko ni kuelewa umbali. Flashi ya kamera hizi ni kidirisha kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na nguvu yake inaishia hapo hapo karibu. Kurasa za mwisho za kitabu cha maelekezo, kwenye jedwali la vipimo ambalo hakuna anayelisoma, masafa yake yameandikwa: kwa kamera nyingi ni mita 3 au 4 hivi zuumu ikiwa haijavutwa, na hupungua sana ukiivuta hadi mwisho. Na hapo ISO iko kwenye otomatiki, yaani kamera imeruhusiwa kujiongezea usikivu wake kwa mwanga ili flashi ionekane ina nguvu. Ukiifunga ISO kwenye 100, masafa yanakatika zaidi.

Zuumu inaponza watu wengi bila wao kujua. Unapoivuta lenzi, tundu lake linabana, na namba ya f inayolipima inapanda. Lenzi inayoanza na f/2.8 ikifika f/5.6, mwanga unaopita umebaki robo, na masafa ya flashi yamebaki nusu. Kwa hiyo anayesimama mbali ukumbini akavuta zuumu ili amnase bwana harusi, amejiumiza mara mbili: yuko mbali, na lenzi imebana. Mimi husogea kwa miguu. Kamera ndogo ina heri hiyo, haimtishi mtu ukimkaribia nayo.

Tena mwanga wa flashi haupungui taratibu kadiri unavyokwenda. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu ni robo. Ukiwa mara tatu, ni sehemu moja ya tisa. Chukua meza ndefu yenye watu waliokaa pande zote mbili, na mpiga picha amesimama kichwani mwa meza. Aliye umbali wa mita 1 anatoka mweupe pe, wa katikati anatoka vizuri, na wa mita 3 anabaki kivuli chenye meno. Hakuna modi ya kamera inayotibu hilo. Dawa ni kuhama: naenda kwenye ubavu wa meza, naomba walio upande wangu wageuke au wazunguke upande wa pili, wote wawe karibu na umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Picha ya kundi nayo ni hivyo hivyo. Badala ya safu tatu za kwenda nyuma, nawapanga kwa upinde mpana, walio pembeni wasogee mbele kidogo.

Ukumbini na uwanjani ndiko naizima kabisa. Umeona jinsi majukwaa yanavyometameta flashi mamia kwa mamia wakati mchezaji anapiga penalti. Flashi zile zinaangaza visogo vya waliokaa mbele, basi. Na hasara haiishii kwenye kupoteza mwanga. Kamera ikijua kwamba flashi itawaka, mara nyingi huchagua kasi ya shata, yaani kifuniko kinachofunguka kupitisha mwanga, ya 1/60 ya sekunde na ISO isiyo kubwa, ikitegemea flashi ndiyo ifanye kazi. Flashi haifiki, jukwaa la msanii linatoka jeusi, na visogo vinang'aa. Ukiizima, kamera inalazimika kupandisha ISO na kuacha shata wazi zaidi, na taa za jukwaani, ambazo zimewekwa na watu wanaojua kazi yao, zinaonekana zilivyo. Picha itakuwa na chembechembe. Mimi sioni tatizo na chembechembe. Naegemea nguzo, nabana viwiko mbavuni, napiga tatu nne kwa mfululizo, moja huwa imetulia.

Sasa juani, ambako naona flashi hii inalipa kuliko mahali pengine popote.

Mpwa wangu alikuwa amevaa kofia yenye ukingo mpana, saa sita mchana, jua liko utosini. Kwenye otomatiki kamera iliona mwanga tele, ikaizima flashi. Picha ikatoka na anga safi, nguo safi, na uso uliokatwa nusu: kuanzia puani kwenda juu ni kivuli cha kofia, macho hayaonekani, kidevuni jua linachoma. Nikabonya alama ya radi, nikachagua ile radi peke yake isiyo na herufi A, ambayo maana yake ni kwamba flashi iwake hata kamera ikiona haihitajiki. Nikasogea hadi kama mita 1 na nusu. Picha ya pili ilikuwa na anga ile ile na nguo zile zile, lakini chini ya kofia kukawa na macho, na kwenye kila mboni nukta nyeupe ndogo. Nukta ile inafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Jicho lisilo nayo huonekana limezimika.

Mtu aliyelipa jua mgongo naye ni vivyo hivyo. Watu hufundishwa wasipige picha kuelekea jua, na ushauri huo ni mzuri kwa asiye na flashi. Mimi mwenye flashi namgeuza mtu alipe jua kisogo, kwa sababu hapo hakunji macho, nywele zake zinapata mstari wa mwanga pembeni, na uso nauangaza mwenyewe. Kinachohitajika ni ukaribu tu. Mchana ISO iko chini na tundu limebana, kwa hiyo flashi inafika mita 2 kwa shida.

Hapa kamera ndogo ina jambo moja inaloipiku kamera kubwa, na wengi hawalijui. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi kwa kawaida ina shata ya pazia mbili zinazokimbizana mbele ya kihisi kinachopokea picha, na flashi ya kawaida inakubaliana nayo hadi 1/200 au 1/250 ya sekunde tu. Ukizidi hapo, pazia linaziba sehemu ya picha wakati flashi inawaka. Kamera nyingi za mfukoni zina shata iliyomo ndani ya lenzi yenyewe, inayofunguka kutoka katikati, kwa hiyo flashi inakubali hata kasi ya 1/1000 na zaidi. Juani hilo ni neema: shata ya kasi inapunguza mwanga wa jua bila kupunguza wa flashi, maana flashi yenyewe huwaka kwa muda mfupi mno, sehemu ya maelfu ya sekunde. Hapo unaweza kuifanya anga iwe na bluu nzito na mtu abaki na mwanga wake.

Kuna mpangilio mwingine uliojificha ndani ya menyu: kuongeza na kupunguza nguvu ya flashi, alama yake ni radi iliyoandamana na + na −. Usichanganye na ile + na − isiyo na radi, ambayo kazi yake ni kurekebisha mwangaza wa picha nzima. Kamera nyingi zilizo na mpangilio huu huruhusu kushuka hadi −2 na kupanda hadi +2, kwa theluthi theluthi. Juani mimi huiweka −2/3 au −1. Ikiwa na nguvu zote, uso unakuwa bapa kama picha ya kitambulisho, na mtazamaji anaiona flashi kabla hajamwona mtu. Ikipunguzwa, kivuli kinabaki kidogo, sura inabaki na umbo lake, na hakuna anayeuliza ulitumia nini.

Ndani ya nyumba pia naipunguza, hasa kwa ngozi nyeusi yenye jasho. Kabla ya kupiga, kamera hutoa mwako mdogo wa majaribio, ikapima mwanga uliorudi, ndipo ikaamua nguvu ya mwako wenyewe. Mambo hayo mawili yanatokea kwa haraka kiasi kwamba jicho linaona mwako mmoja. Shida ni kwamba kipimo kinatazama eneo kubwa kuliko uso. Nyuma ya mtu kukiwa na ukuta mweusi au giza la uwanja, kamera inaona mwanga haukurudi wa kutosha, inaongeza nguvu, na paji la uso linatoka na doa jeupe linaloficha rangi halisi ya mtu. Mwenye shati jeupe akijaza fremu, kamera inaogopa, inapunguza, na uso unazama. Kwa hiyo sisubiri kamera ijue. Nikiona nyuma kweusi nashusha, nikiona weupe mwingi napandisha kidogo. Halafu naomba kitambaa, mtu afute paji la uso na pua. Kitambaa kinashinda marekebisho yote ya kwenye kompyuta.

Jicho jekundu limewapa watu wengi chuki na flashi, na kwa haki. Kwenye mwanga hafifu mboni hufunguka sana. Flashi iko sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, hivyo mwanga unaingia kwenye jicho, unagonga retina yenye mishipa ya damu, na kurudi kwenye lenzi karibu kwa njia ile ile. Wekundu ule ni damu kweli. Paka na mbwa macho yao hutoka kijani au manjano, kwa sababu nyuma ya retina zao mna utando unaorudisha mwanga, na ndiyo maana programu ya kamera ya kuondoa jicho jekundu huwa haiwasaidii: inatafuta wekundu, haiupati.

Kamera ina modi ya kupunguza jambo hilo, alama yake ni jicho. Inawasha taa au inatoa miako ya mwanzo ili mboni zibane, kisha inapiga. Mimi siipendi. Inachelewesha picha kwa kama sekunde nzima, na watu wakiona mwako wa kwanza wanajua kazi imekwisha. Tabasamu linashuka, mtoto anageuka. "Mjomba, umeshapiga?" na kamera ndiyo kwanza inapiga, nami napata picha ya mtu anayeuliza swali. Nikilazimika kuitumia, nawaambia wote kabla: mtaona mwako mdogo, msitikisike, subirini ule mkubwa. Vinginevyo nawasha taa zote za chumbani mboni zibane zenyewe, nawaomba waangalie kando kidogo ya lenzi, na nasogea karibu. Ukaribu unasaidia kwa sababu pembe kati ya flashi na lenzi inapanuka. Anayepiga kwa mbali kwa kuvuta zuumu ndiye anayevuna macho mekundu zaidi.

Modi ninayoipenda usiku ni ile ya flashi pamoja na shata ya polepole. Kamera nyingine huiandika SLOW kando ya radi, nyingine huificha ndani ya modi ya picha ya mtu usiku, yenye alama ya mtu na nyota au mwezi. Kazi yake ni kuunganisha picha mbili kwenye fremu moja. Flashi inamwangaza mtu na kumgandisha, kisha shata inaendelea kuwa wazi, labda robo ya sekunde, labda sekunde nzima, ikikusanya taa za nyuma yake. Bila modi hii mtu aliyesimama mbele ya mji wenye taa anatoka kama amesimama ndani ya pango. Ukiitumia, mji unarudi.

Masharti yake ni kutulia. Kamera naiweka juu ya ukuta au meza, naweka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise, na anayepigwa namwambia asisogee hadi nimwambie mimi, asifuate mwako. Akiondoka mapema, taa za nyuma zinapenya kwenye mwili wake na anatoka amekuwa mzimu nusu. Kuna wakati nautaka mtikisiko huo. Kwenye dansi nashika kamera mkononi, naacha taa zichore mistari, na wachezaji wanabaki wamegandishwa katikati yake. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alianza miaka ya 1930 kutumia mwako wa namna hii kugandisha vitu ambavyo jicho haliwezi kuvifuata, kama tone la maziwa linapogonga sahani. Tuna jamaa mdogo wa taa ile kwenye kila kamera ya mfukoni.

Rangi zitagongana, likubali hilo mapema. Flashi iko karibu na mwanga wa mchana, kama 5500 kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. Balbu ya waya iko chini ya 3000, yaani manjano iliyoiva. Kamera ikisawazisha rangi kwa ajili ya flashi, uso unatoka sawa na chumba kinatoka cha rangi ya machungwa. Ikisawazisha kwa balbu, mtu anatoka na bluu ya mgonjwa. Mimi nachagua uso.

Wengi watakushauri ubandike karatasi ya tishu kwenye flashi ili kulainisha mwanga. Nimeitumia, na ninachokiona ni kwamba inapunguza nguvu zaidi ya kulainisha. Kivuli kinakuwa laini chanzo cha mwanga kikiwa kikubwa, na tishu iliyobandikwa juu ya kidirisha cha ukubwa wa ukucha inakiacha kidirisha kwa ukubwa ule ule. Inafaa kwa picha za karibu sana, kwa kamera zisizo na mpangilio wa kupunguza. Kinacholainisha kweli ni ukuta au dari nyeupe. Kamera chache, Sony RX100 ikiwemo, zina flashi inayochomoza ambayo unaweza kuirudisha nyuma kwa kidole ikatazama dari. Mwanga unapiga juu na kushuka kwa upana. Nguvu nyingi inapotea njiani, kwa hiyo pandisha ISO. Nyingine zote zina flashi iliyokwama mahali pake, na kwa hizo msaada mkubwa ni kumtoa mtu ukutani. Akisimama hatua mbili mbele ya ukuta, kile kivuli cheusi cha kichwa kinachomfuata begani kinashuka na kuondoka kwenye fremu.

Kioo, miwani na picha zilizowekwa fremu: usizikabili usoni, simama pembeni. Mwanga utarudi upande mwingine.

Vumbi na mvua ni kisa kingine. Duara nyeupe zinazoelea kwenye picha za usiku, ambazo wengine huamini ni roho za marehemu, ni chembe za vumbi au matone yaliyo sentimita chache mbele ya lenzi, yameangazwa na flashi na hayamo kwenye fokasi. Kamera ndogo zinazitoa kwa wingi kwa sababu flashi imekaa karibu mno na lenzi. Jirani mmoja alinionyesha picha ya aina hiyo, nikapiga zulia mbele yake tukapata nyingine kumi. Hakufurahi.

Kwa ua, pete au mdudu, flashi ya karibu mno ina matatizo mawili: inaunguza kitu chenyewe, na bomba la lenzi lililochomoza linatupa kivuli cha nusu duara chini ya picha. Narudi nyuma kidogo navuta zuumu, au naizima nasogea dirishani.

Watu hunijia pia na malalamiko kwamba flashi imekufa, na mara nyingi haijafa. Modi ya mandhari, ya fataki, ya video, na ya kupiga mfululizo huizima zenyewe. Modi ya kijani ya otomatiki kamili nayo huficha nusu ya chaguo; geuza gurudumu kwenye P, modi inayokuachia chaguo hizo, zitatokea. Kamera nyingine husahau ulichochagua ukiizima na kurudi kwenye otomatiki, nyingine hukumbuka. Jaribu yako mara moja ujue ni ya kundi gani. Angalia pia kidole cha mkono wa kushoto kiko wapi, kisije kikawa kimeiziba flashi.

Na ikikataa kupiga mara baada ya mwako, inachaji. Ndani mna kapasita inayopandishwa hadi volti 300 hivi ili iwashe gesi ya zenoni, na betri iliyochoka inaifanya kazi hiyo kwa kujivuta. Kwa kamera za betri za penseli, zile za kuchajiwa za nikeli huwahi kuijaza kuliko za alkali za kawaida. Volti hizo hubaki humo hata kamera ikiwa imezimwa na betri imetolewa, kwa hiyo kamera iliyoanguka usiifungue kwa bisibisi nyumbani. Fundi anajua jinsi ya kuitoa chaji kwanza.

Mahali panapokatazwa flashi, kama makumbusho au chumba cha mtoto mchanga anayelala, kuzima radi ni nusu ya kazi. Mbele ya kamera kuna taa nyingine ndogo, mara nyingi ya rangi ya machungwa, inayosaidia lenzi kupata fokasi gizani, na itawaka usoni mwa mtoto hata flashi ikiwa imezimwa. Huzimwa peke yake, ndani ya menyu ya upigaji, kwenye mpangilio wa fokasi. Ukishaizima, elekeza lenzi kwenye mstari ulio dhahiri, kama ukingo wa shuka au wa fremu, maana fokasi itakuwa nzito zaidi bila taa hiyo.